Mbwa Mwitu wa Rezekne

Kipindi hiki hakuna aliyekitaka.
Mkuu wa shule alitazama ratiba, akatazama dirisha,
kisha akanitazama mimi, mwalimu wa fizikia.
Wewe, akasema, umezoea kupima.

Basi Ijumaa, baada ya chakula, darasa la kumi na moja,
viatu vinadondosha theluji chini ya madawati,
nauliza: Habari?
Wanajibu kwa pamoja: Nzuri.
Mmejuaje?
Kimya. Mmoja anachekea puani.
Nzuri kwa ushahidi gani, nani kawaambia,
na huyo aliambiwa na nani?

Wiki ile mji mzima ulikuwa na mbwa mwitu.
Saba, juu ya reli, karibu na kituo cha treni,
macho yanawaka kama taa za pikipiki,
na maandishi mekundu: LEO ASUBUHI. FICHENI WATOTO.
Bibi yake Agnija akafunga mlango kwa makomeo mawili.
Mjomba wake Vitalijs akashusha bunduki kutoka darini.
Lisemwalo lipo, alisema bibi,
na kama halipo, laja.

Tuliitupia picha ukutani, kubwa, chembechembe.
Msiniambie ni kweli au ni uongo, nikasema.
Niambieni mnaona nini.
Wakaona theluji. Wakaona reli.
Kisha Raivo, ambaye usiku halali na mchana hulala kwangu,
akainua shavu kutoka kwenye mkono:
"Mwalimu, vivuli.
Cha nguzo kimelalia kushoto.
Vya mbwa mwitu vimelalia kulia.
Hapa kwetu kuna majua mangapi?"

Nilitaka kumkumbatia. Nikamwandikia alama.

Tangu hapo wakashikwa na wazimu wa kukanusha.
Bei ya mkate imepanda? Uongo.
Barafu ya ziwani imepasuka? Uongo.
Ratiba ya mitihani, niliyoibandika kwa mkono wangu: uongo, uongo.
Kila neno walilitemea mate, wakajiona werevu,
nami nikajua nimefundisha nusu,
na nusu hiyo ni mbovu kuliko sifuri.
Asiyeamini lolote hana kazi ya kufanya,
sawa na yule anayemeza kila kitu.
Wote wawili wamelala, tofauti ni ubavu.

Ndipo Vitalijs akaja na simu mkononi.
Kiwanda cha maziwa kitafungwa mwezi wa tatu.
Mama yake yuko pale, upande wa jibini,
mwaka wa kumi na tisa sasa.
"Huu nao ni uongo, sivyo?"
Halikuwa swali. Alikuwa ananiomba.

Nikasema: pima.

Akapiga simu ofisini, muziki ukaisha na kuanza tena mara nne.
Akachambua kumbukumbu za halmashauri
hadi ukurasa wa kumi na mbili, mstari wa chini.
Akamvizia dereva wa lori la maziwa nje ya duka la dawa;
dereva akavua glavu, akatoa barua,
imekunjwa hadi kuwa ndogo kama kiberiti.
Mahali patatu pasipojuana. Neno moja.

Ijumaa iliyofuata alisimama mbele,
akaeleza kila hatua, saa yake, jina lake.
Sauti haikutetemeka mpaka alipofika kwenye tarehe.
Kisha akaandika ubaoni: kweli,
kwa herufi ndogo, kana kwamba anaokoa chaki.

Hakuna aliyepiga makofi. Agnija alimsogezea kiti.
Nilikuwa nimeandaa somo la grafu zinazodanganya;
nikalikunja, nikalitia mfukoni.

Jumatatu nikakutana naye kwenye ngazi.
Habari, nikamwambia, mdomo tu, mazoea.
Akasimama. Akaifikiria.
"Mbaya," akasema. "Nimehakikisha."
Akapita, amechelewa hisabati.

Bibi yake Agnija bado anafunga makomeo mawili.