Shilingi Kumi ya Mizani

Kwenye lango la soko la Kenyatta
yupo kijana mwenye mizani ya bafuni
na kipande cha kadibodi: PIMA UZITO, KUMI.
Mimi humpita nikitazama simu.
Jumatatu nilisimama. Nikavua viatu, nikavua saa,
nikashusha mkoba, nikatoa hata funguo,
na bado sindano ikakimbia
kama mwenye deni aliyemwona mwenye duka.
"Themanini na tisa, mama," akasema
kwa sauti ya chini, kama anayetoa pole.

Nina miaka arobaini na minane.
Ninasuka nywele hatua ishirini kutoka bucha la Kyalo.
Jamani, mnajua maana yake?
Kuanzia saa nne asubuhi moshi wa mbavu
unaingia bila hodi, unakaa kwenye rasta,
na wateja wangu wanarudi makwao
wakinukia harusi ya mtu.
Kyalo hakati nyama, anaita watu kwa kisu,
ta-ta-ta juu ya ubao,
na tumbo langu linaitika: abee.

Sista Chelagat wa zahanati ameniandikia karatasi.
Sukari, acha. Chumvi, punguza. Ugali, kiasi cha ngumi.
Nikauliza, ngumi ya nani?
Akacheka. Mimi sikuwa natania.
Kwetu ugali hupimwa kwa macho ya mgeni.

Basi nimejaribu, Mungu anaona.
Wiki ya kwanza chai bila sukari,
naikunjia uso kama dawa ya minyoo.
Wiki ya pili uji wa shayiri alioleta Moraa,
binti yangu, anayetembea na chupa ya maji kama askari na rungu.
Wiki ya tatu akafariki baba yake Nyaboke,
na nani hupima ugali kwa ngumi mbele ya wafiwa?
Wiki ya nne sikuihesabu.

Mazoea yana taabu, walisema.
Yana na mikono, naongeza mimi.
Kuna usiku mkono huu ulifungua kabati
kabla mwenyewe sijaamka.
Stima imepotea, nimesimama gizani
na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili,
nikisikia meno yangu kama panya wa jirani.

Mwili haujengwi kwa matofali:
hiyo ilikuwa ya mama,
akiisema huku anakuongezea upawa wa pili.
Hakusema hubomolewa kwa nini.
Mwaka wake wa mwisho alihamia kwangu, Jericho.
Sukari ikachukua kidole, kisha vidole, kisha mguu.
Viatu vyake vya kanisani viko chini ya kitanda changu.
Cha kulia ni kipya kuliko cha kushoto.

Watunzi wa zamani walihesabu mizani,
nane huku, nane kule, na vina vikatulia.
Langu halitulii.
Mstari mmoja managu, mstari mmoja mafuta.

Jana, mteja wa saa nane, mwenye rasta za kufika kiunoni,
akaagiza nusu kilo bila kuniuliza.
"Tule, mama. Umesimama tangu asubuhi."
Sikusema hapana. Nisidanganye.
Nilikula mbavu mbili na kachumbari yote.
Ugali nikaumega, nikaufinyanga,
nikafunga ngumi kando yake, nikatazama.
Ngumi yangu ni ndogo.
Miaka yote hii nilidhani ni kubwa.

Sahani ikarudi kwa Kyalo na nyama juu yake.
Akaishika, akaigeuza, akaninusia kama mpishi aliyetukanwa.
"Leo haikuiva?"
"Imeiva."
Akangoja niendelee. Sikuwa na zaidi.
Usiku huo, nikiri, nilirudi tena kabatini,
nikasimama pale, nikafunga mlango,
nikaufungua, nikala nusu kipande.
Nusu.

Leo jioni, langoni, kijana alikuwa anafungasha mizani
ndani ya mfuko wa unga.
Nikampa kumi yake.
Sikupanda.