Ile Yenye Viatu

Wateja wa Nyawera hawakujua jina lake.
Walisema tu, "Utuwekee ile yenye viatu,"
wakigusa kwa kidole kadi ya arusi ya jirani,
nasi tukajua.

Nzuri, ile. I kubwa imesimama wima
kama karani aliyepiga pasi tangu alfajiri,
juu ukosi, chini soli.
R imetanguliza mguu mmoja
kama mtu anayeruka dimbwi njia ya Kadutu
bila kuchafua suruali.
O nene mbavuni, nyembamba utosini,
maana kalamu iliyoizaa ilikuwa bapa,
alisema Ntakwinja, na mkono uliishika upande.

Zile peku tuliziachia kazi za kila siku:
bei ya saruji, mkaa unauzwa hapa,
marufuku kukojoa ukutani.
Yenye viatu ilikuwa ya ubatizo, ya arusi,
ya tangazo la msiba.
Mtu haendi kanisani peku.
Jina lake je?

Ilifika ndani ya sanduku kabla sijazaliwa,
na walioipakia huko Ulaya
walihesabu kwa lugha yao:
e mia nne, zenye kofia na zisizo na kofia.
k tisa.

Tisa! Hebu panga:
*karibuni kwa chakula na kinywaji
katika ukumbi wa kanisa*.
Nane zimekwisha,
na bwana arusi bado hajatajwa.

Basi Ntakwinja alijifunza kukwepa.
"Kwaheri" aliigeuza "buriani",
"kaka" akaandika "ndugu",
"kesho" akaitaja siku yenyewe.
Mimi, mwanafunzi wake, nilidhani
huo ndio ufasaha.
Kumbe ni uhaba wa madini.

Mwaka wa vita, askari waliingia dukani.
"Kuna risasi humu?"
Naye, mkweli kupita kiasi:
"Ziko. Kilo mia mbili na ushei."
Walifungua droo kwa mtutu wa bunduki.
Kijana mmoja akaokota g,
akaigeuza huku na huku,
akaitia mfukoni.
Toka siku hiyo tukakwepa na g.

Kisha Nsimire, mjane wa Karhakubwa mbeba unga.
Mvua ilikuwa inapiga mabati, tukasemezana kwa kupaza sauti.
Ntakwinja alimsomea alichopanga: *buriani, mume wangu*.
Mama akatikisa kichwa.
"Kwetu nyumbani hatukusema buriani.
Tulisema kwaheri. Kila asubuhi, mlangoni,
gunia likiwa tayari mgongoni."
"Mama, k zimeisha."
"Basi nitangoja."
Akaketi juu ya ream za karatasi,
maji yakimchuruzika kwenye kitenge.

Ntakwinja alivua ndala ya kushoto.
Kwa kisu cha kukatia karatasi
akakata kipande cha kisigino,
akakichonga kinyumenyume, polepole,
fimbo moja, mikono miwili,
na chini, sijui kwa nini alijisumbua,
viatu vyake vidogo.

Ikachapwa. Katika *kwaheri* ile
k ilikuwa nyeusi kuliko wenzake,
laini ukingoni, imeinama kidogo.
Nsimire aliitazama muda mrefu.
Hakutushukuru. Alilipa, akaomba mfuko wa plastiki
karatasi zisilowe.
Jioni bwana wangu alipanda kilima
akiacha kwenye tope kisigino chenye pengo.

Sasa nina kompyuta, umeme ukiwepo.
Herufi ileile imo, wino haumwagiki,
k hazina mwisho: naweza kubonyeza hadi kesho
na zote zitatoka mapacha.
Wateja bado wanaiita yenye viatu.
Lakini juzi, nikipanga tangazo la Ntakwinja mwenyewe,
nilikuta nimeandika *buriani*.
Nikafuta.
Nikaandika tena, na mkono,
wenyewe, ukakwepa.