Masahihisho

Mimi ni Walburga, mjane wa Kaspar mpiga chapa.
Napanga herufi kinyumenyume tangu nikiwa na meno yote,
nikisoma kwa ncha za vidole, kutoka kulia,
kama mtu arudiye nyumbani usiku akipapasa ukuta.

Bwana Hagedorn ametuletea hadithi yake ya vita,
karatasi mia tatu zilizofungwa utepe wa buluu.
Ni ya mji wetu, asema, mwaka ule tulipozingirwa.
Yeye mwaka ule alikuwa Leiden akisomea sheria.

Ameandika vizuri, sitamnyima haki yake.
Mizinga inanguruma panapostahili ngurumo,
na maiti wake huanguka chali, uso mbinguni.
Hakuna hata mmoja aliyejinyea.

Bibi yangu ndiye aliyekoroga chokaa
baraza la mji lilipoamua watakatifu wafutwe ukutani.
Ndoo kumi na nne. Alianza na Barbara:
akapaka miguu, akapaka mnara,
alipofika usoni akamwita jirani amalizie.
Hayo ndiyo matengenezo ya Kanisa niliyoyasikia mimi, jikoni:
brashi inadondosha, mkono umegoma.
Lakini alilipenda Neno kwa lugha yake. Alilipenda mno.
Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini,
kidole kikifuata mstari kama kuku afuatavyo punje.

Kisha vita. Risasi zilipokwisha,
nahodha alibisha kwetu na gunia.
Tukatoa herufi zote, hata ukurasa wa katekisimu
uliokuwa bado umefungwa uzi, amri ya sita:
Usiue.
Kaspar aliuweka juu ya moto mwenyewe.
Risasi ikawa risasi.
Na upepo ulipogeuka tuliwasikia ng'ambo ya handaki
wakiimba Zaburi ile ile, ila kwa Kilatini.

Siku ya tisa mzinga ulitikisa kanisa,
chokaa ikabanduka kiasi cha sahani,
jicho la Barbara likatutazama.
Hakuna aliyesema muujiza. Hakuna aliyesema sanamu.
Mchungaji Rottmann alilitazama kitambo,
akavua joho, akamfunika mtoto wa Gertraud aliyekuwa na homa,
akaketi sakafuni, chini ya jicho, pamoja nasi.

Kwenye kitabu yuko juu ya ngome,
farasi mweupe, Biblia imeinuliwa,
na risasi zinamkwepa kama wadeni.

Amani ilipokuja, watoto walichokoa risasi kutani,
wakatuuzia kwa uzito. Tukaziyeyusha tena.
Hii "a" niliyoishika sasa
huenda iliwahi kupita kwenye paja la mtu.
Nimeipiga msasa. Inachapa sawasawa.

Neno la mtu silibadilishi, Kaspar alinifunza hivyo,
na Bwana Hagedorn amekwisha kulipa nusu.
Lakini karatasi ya mwisho, kwa desturi ya kazi yetu,
ni ya mpanga herufi, aungame makosa.
Nimewasha mshumaa wa pili.

*Ukurasa wa 41, mstari wa 9:* paliposema "alisimama", pasomeke "aliketi".

*Ukurasa huo huo:* paliposema "farasi mweupe", pasomeke "farasi tuliyemla". Alikuwa wa kijivu.

*Ukurasa wa 112, na kila mahali:* paliposema "adui", pasomeke "mtoto wa mwokaji mikate wa kijiji cha pili", maana tulimfahamu, na alikuwa na kigugumizi.

*Ukurasa wa 160:* paliposema "Mungu alikuwa upande wetu", mwandishi aulizwe.

*Ukurasa wa 203:* paliposema "mtoto mmoja", pasomeke Veit.