Madaraja ya Gerwazy

Neno ni moja kwetu: daraja.
Ni cheo, na ni kitu cha kuvukia.
Gerwazy Pietruszka, fundi wa vikuza sauti mjini Łódź,
hakuijua bahati hiyo ya lugha ya mbali,
lakini mezani kwake, ghorofa ya tatu,
moshi wa risasi ukipanda, theluji ikishuka dirishani,
alivitaja vyeo kimoja kimoja na kuvuka navyo.

"Daraja A," alimweleza mkewe, "ni mtu asiyezima taa.
Wimbo uwepo, usiwepo, mkondo wote unapita.
Hata kimya chake kina bili."
Leokadia hakujibu. Alianika soksi za sufu
juu ya mapezi ya alumini yanayofukuta,
zikakauka kabla santuri haijageuzwa.

"Daraja B ni bahili. Transista mbili:
moja inasukuma, ya pili inavuta,
mwenye zamu yu kazini, mwenzake amelala.
Ila penye sifuri, wanapopokezana,
upo upenyo mwembamba kuliko unywele
ambamo wimbi halina mwenyewe.
Hapo ndipo sikio linapokwaruzwa."

Leokadia, miaka thelathini na mmoja kiwanda cha nguo, akacheka.
"Hiyo ni saa nane mchana.
Zamu ya asubuhi imeshavua aproni,
zamu ya jioni ingali inafunga vitambaa kichwani,
mitambo mia mbili inafuma bila jicho.
Kasoro zetu zote zilizaliwa saa nane."
"Mkafanyaje?"
"Sisi tukakawia kutoka, wao wakawahi kuingia.
Dakika chache, watu wawili mtambo mmoja."
Gerwazy akaweka chini chuma cha kulehemu.
"Hiyo ndiyo AB," alisema. "Mimi niliisoma miaka miwili."

Kisha Tobiasz, mtoto wa kaka yake Leokadia,
akaleta daraja D, kiboksi kama kipande cha sabuni:
ndiyo, hapana, ndiyo, hapana,
mara laki nne kwa sekunde, wala hakina labda.
Kilikuwa baridi. Soksi zilibaki mbichi.
Gerwazy alisikiliza upande mzima, mikono kifuani.
"Ni kizuri," alisema kwa hasira.

Lakini usiku, kifuniko kikiwa wazi, alimwambia kijana:
"Unadhani unamsikia mwimbaji? Unausikia ukuta.
Yeye anaamuru tu.
Umeme wa ukutani ndio unaochongwa kwa umbo lake.
Kwa hiyo anza na ukuta."
Akamwonyesha transfoma, kilo tisa,
mviringo kama kata ya kubebea mzigo,
diodi nne, daraja lile jingine, la kuvukia kweli,
na kapasita mbili, mitungi inayojazwa mara mia kwa sekunde
ili ngoma ikichota ghafla isikute ukavu.

Kelele za kiwanda zilikuwa zimemla Leokadia sauti za juu.
Vinanda vilimpita kama watu nyuma ya kioo.
Ila kiganja chake kilisikia.
Januari moja alikilaza juu ya boksi, akasema, "Linanguruma."
Gerwazy akabisha. Akapima.
Mtungi mmoja ulikuwa umekauka, wa pili unaelekea.
Aliagiza miwili, akafunga mmoja.
Wa pili ulikuwa bado ndani ya bahasha
siku walipombeba kushuka ngazi.

Tobiasz alikuja mwezi wa tatu kuumalizia.
Alichomoa waya ukutani.
Muziki uliendelea, sekunde nne, ukikonda,
kabla ya kukubali.
"Usiguse ndani, shangazi. Bado imeshika."
Akabana kizuizi kati ya vichwa vya kapasita,
akamsogezea kipimo auone mshale wake.

Chai ikapoa.
"Arobaini," Leokadia alisoma. "Thelathini na tatu.
Ishirini na sita."
Alisoma polepole kuliko mshale ulivyoshuka,
na kijana, aliyeliona hilo, hakumsahihisha.
"Kumi na tisa," alisema,
mshale ukiwa kwenye mbili.