Sababu ya Kuhama

Fomu nne zimekuja wiki hii ya theluji.
Nazipanga mezani kama karata,
miwani puani, kahawa imepoa.

Ya kwanza ni ya Brigit Oakes: mshahara mnono,
na mwenye nyumba wake, kwenye simu,
anamsifu mno, anamsifu bila kupumua,
kama mtu anayeuza mbuzi anayekohoa.
Nikaiweka kando.

Ya pili, mdhamini hapatikani.
Ya tatu, anapatikana upesi mno,
na nyuma yake mtoto anauliza:
"Baba, tunahama lini?"

Ya nne ndiyo hii.
Jina: Corwin Mattinen.
Anwani ya awali: gereza la mkoa, jengo la mashariki.
Mwenye nyumba: Serikali.
Muda wa kupanga: miaka sita na miezi minne.
Sababu ya kuhama: muda uliisha.

Nilicheka peke yangu jikoni
hadi paka akashuka kitini.

Kampuni ya upekuzi, kwa dola thelathini,
ikanitumia yaliyosalia:
duka la dawa, usiku, kioo kimevunjwa,
hakuna aliyeumia.
Dada yangu Aune akasema, Choma karatasi hiyo.
Nyumba ni yako, Sylvi, lakini shingo unayo moja.
Kweli ni moja,
nayo ina miaka sabini na mitatu.

Akaja Jumanne, theluji mabegani.
Viatu akavivua kabla sijamwambia.
Nikauliza kuhusu kodi, akajibu.
Nikauliza kuhusu duka la dawa,
akajibu hilo nalo, macho kwenye viganja vyake,
wala hakusema alikuwa kijana.

Nikampandisha juu: dirisha la upande wa ziwa,
bomba linalonguruma alfajiri,
doa la darini ambalo marehemu mume wangu
aliahidi kulipaka rangi miaka kumi na mmoja.
Akalitazama doa. Hakuahidi kitu.

Nilikuwa sijaamua. Naapa, sijaamua.
Tukashuka, nikamuaga.
Akaenda mpaka mlangoni, akasimama.
Akasimama tu,
mikono ubavuni, uso kwa mbao.
Nikadhani amesahau kofia.
Saa ya ukutani ikahesabu, ikahesabu,
ndipo nilipotambua anachongoja.

"Bwana Mattinen," nikasema,
"huu hufunguliwa kwa ndani.
Kitasa hukwama kwenye baridi.
Kiinue kidogo, ndipo uvute.
Utakizoea."