Kopo la Krete

Kopo lilikuja na daktari wa macho
aliyekaa Nachingwea wiki mbili, akaondoka,
akaacha miwani kumi na saba na halua nusu.
Somoe aliionja kwa ncha ya kisu,
akafumba macho, akasema:
"Nalinga, huu ni ufuta. Huu ni wetu.
Wameufanyaje ukawa hivi?"

Tangu siku hiyo tunakwenda Krete.

Tunakwenda usiku, taa ya sola ikiwa bado na nguvu,
kwa daftari la mizani, upande wa nyuma.
Kule mbele kuna kilo za Naipanga na majina ya wadaiwa.
Safari imeanzia ukurasa wa mwisho,
inarudi kinyumenyume, itakutana na madeni.

Siku ya kwanza: kufika, kuoga, kusalimu.
Siku ya pili: soko. Somoe analitaka alfajiri,
kabla wenye meza hawajavaa uso wa biashara.
Siku ya tatu: mlimani, kwa mtu mwenye mizeituni.
Inasemekana ipo iliyouzidi umri kila ukoo tuujuao
na bado inadaiwa matunda kila mwaka.
"Kama mama," anasema, kalamu haisimami.

Mimi niliomba siku moja ya ngoma.
Mpwa wangu Chilumba alinionyesha kwenye simu:
wanaume wameshikana mabega, wanazunguka polepole,
mzee mmoja anaruka, anajipiga kisigino.
Nikasema huyu namjua, ni marehemu baba mkubwa
siku ya kuwatoa vijana jandoni. Kasoro rangi.

Pweza wao humwanika kambani, kama nguo.
Somoe alicheka hadi akashika mlango:
"Nivuke bahari mbili nikale pweza mkavu?
Si nipande tu gari la Lindi?"
Hata hivyo aliandika. Siku ya nne: pweza.
Pembeni, kwa wino mwekundu: *ndimu tubebe?*

Zawadi: korosho zilizobanguliwa, kilo mbili.
Ming'oko haitafika, itaoza njiani.
Chikandanga itafika hata ikienda kwa miguu.
Huingii jikoni kwa watu mikono mitupu.

Ijumaa wakafungua sanduku la zabuni.
Bei ikasomwa, watu wakatazama viatu vyao.
Nilipiga hesabu nikirudi, baiskeli mkononi:
nauli ya mmoja inatosha,
ya mwingine inaishia Dar es Salaam.
Na ubalozi unataka taarifa ya benki ya miezi sita;
yangu ina mwezi mmoja unaosema kitu,
mitano imekaa kama viti vya harusi iliyoahirishwa.

Sikumwambia. Nilimkuta ameuponda ufuta kinuni,
mafuta yanang'aa hadi viwikoni,
sukari imeungua, halua imekataa kuganda.
Tuliila kwa vijiko, kimya, kama uji wa mgonjwa.
"Kuna kitu wanakificha," akasema.

Kisha akalivuta daftari.
Kwenye siku ya saba alikuwa ameandika: *kupumzika.*
Akafuta kwa kidole chenye mafuta,
karatasi ikawa kama kioo,
madeni ya upande wa pili yakaonekana.
Juu yake, kwa herufi kubwa za darasa la nne:
*Kuwauliza, kilo moja mnainunua kwa shilingi ngapi?*