Ni Dhahiri

Mwaka ule mama alirudi kutoka Kibaigwa,
akakung'uta vumbi la soko kwenye kitenge, akasema:
"Mizani ile ya tatu inakula."
Tukacheka. Chuma kina meno?
"Ni dhahiri," akasema,
akaenda kubandika sufuria.

Leo niko mlimani, Chuo Kikuu cha Dodoma,
chumba cha kompyuta, dirisha halifungi,
upepo wa Julai unapuliza kama unanidai.
Naifundisha mashine kusadiki.
Sivyo. Yenyewe ndiyo inayonifundisha kutosadiki.
Kanuni ya kumi na saba, mstari kwa mstari,
kama mtu anayevuka korongo
akijaribu kila jiwe kwa kidole cha mguu.
Nikichoka naandika kama nilivyozoea kuona ubaoni,
profesa akifuta chaki kwa mkono wa koti:
ni dhahiri kwamba.
Mashine haimjui profesa, wala koti lake.
Inanirudishia mstari mwekundu:
lengo moja bado halijafungwa.

Meza ya pili yuko Ndahani, mchimba data.
Yeye hathibitishi kitu. Hupepeta.
Ana risiti laki nne za soko la nafaka,
mahindi, alizeti, mtama, ufuta,
anazichambua kama mchele wenye mawe.
Saa nane usiku, umeme umekatika na kurudi mara mbili,
ananiita kwa mluzi:
"Njoo uone. Mizani ya tatu haijawahi kuandika nusu."
Miaka kumi na moja! Hakuna nusu, hakuna robo,
kana kwamba mahindi ya Kongwa yote
hujipanga kilo kamili kabla ya kupanda gari.
"Lakini data hunong'ona tu," anasema. "Haili kiapo."

Basi nikaiandika kwa lugha yangu:
kwa kila gunia,
kilichoandikwa si pungufu ya kilichopimwa.
Nikaiambia mashine, thibitisha.
Feni ikavuma. Mbwa wa Ng'hong'ona wakabweka, wakanyamaza.
Haikuthibitisha. Ilitoa mfano pinzani, mmoja tu:
tisini na tisa nukta tisa.
Imeandikwa tisini na tisa.

Hakuna humo mwizi wa kufungwa pingu.
Kuna mtu mvivu, mahali fulani,
aliyekata desimali akaenda kunywa chai.
Lakini zidisha kwa magunia.
Zidisha kwa misimu.
Humo mna muhula mzima nilioukosa
kidato cha tatu.

Asubuhi nikampigia mama. Nikamweleza yote,
kanuni, desimali, mfano pinzani.
Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimekula.
Kisha: "Na hiyo mashine yako, imechukua muda gani?"
"Sekunde tatu, mama."
"Haya. Mimi nilichukua gunia moja."

Nimerudi kwenye kanuni ya kumi na saba.
Bado haijafungwa.